Mafuta ya Syombua na Injini ya Salim

Vijana wangu, mtu akikuambia yeye ni fundi wa injini, usimuulize ametengeneza ngapi. Muulize ameharibu ngapi. Akisema hakuna, mrudishie spana zake uende zako.

Mimi nimeharibu nyingi, na moja kati ya hizo ndiyo imenifanya nichukue daftari hili. Tangu nianze kazi nimekuwa nikiandika mambo ya siku, mistari miwili au mitatu kabla ya kulala. Lakini hii sikuiandika. Nimepekua madaftari yote ya miaka ile, na siku yenyewe ina maneno matatu tu: "Kambu. Joto sana." Kwa hiyo haya yanatoka kichwani, na kichwa cha mzee si cha kuaminiwa sana. Pale nisipokuwa na hakika nitasema. Shule niliacha darasa la nne, mkiona nimekosea kuandika mrekebishe wenyewe.

Nyinyi mnatengeneza pikipiki za Kijapani, ambazo hata ukizikosea zinakuvumilia. Hii ilikuwa ya Kiingereza, silinda moja, nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Mzungu mmoja wa kupima mabwawa aliiacha Kitui wakati wa uhuru, ikakaa miaka kwenye stoo nyuma ya duka la babake Salim, chini ya magunia ya mbaazi. Salim alikuwa mtoto wa familia moja ya Waislamu wa pale mjini, ambao babu yao alitoka pwani akaja kufanya biashara asirudi. Walikuwa na duka na lori. Salim ndiye aliendesha lori, na siku moja alilisimamisha mbele ya gereji yangu Mukuyuni, akafungua nyuma.

"Fundi Musyoka, hii inaweza kukimbia?"

"Inaweza kulala. Naona imezoea."

"Nataka ikimbie Kambu siku ya sikukuu. Kwenye barabara za shamba la mkonge, mizunguko mitatu. Vijana wa barabara kuu wanaleta za Kijapani mpya."

"Na wewe unawaletea babu yao."

"Ndiyo, babu awachape!"

Alicheka, nami nikacheka. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa na nguvu na majivuno. Nilikubali kabla hata ya kugusa kiki ya kuwashia.

Hapa lazima niseme juu ya mwalimu wangu. Mzee Ndunda alikuwa na gereji Kwa Vonza, na ufundi aliupata jeshini huko Burma, akitengeneza pikipiki za wale waliobeba barua za vita. Hakunipiga hata siku moja. Nikikosea alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kofi. Siku ya kwanza nilipotega magneto peke yangu, niliitega itoe cheche mapema mno. Nikakanyaga kiki, injini ikapiga nyuma, ikanirusha juu ya gunia la makaa. Nilichechemea wiki nzima. Mzee aliniangalia pale kwenye makaa, akanywa chai yake hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa mguu wako umejua mapema ni nini." Halafu akanifundisha dawa yake. Unachukua karatasi nyembamba ya kufungia sigara, unaiweka katikati ya pointi za magneto, unazungusha injini polepole huku ukivuta karatasi kidogo kidogo. Pale inapoteleza ndipo cheche inapozaliwa. Vyombo vya kupimia mnavyotumia siku hizi vitakuambia hivyohivyo, ila vinahitaji betri.

Injini ya Salim niliifungua yote, nikatandaza vipande juu ya shuka kuukuu. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, niliipiga msasa siku mbili, wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha kitambaa na majivu, mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Si urembo. Chuma cha mashindano huvunjikia pale penye mkwaruzo. Kesi ya injini niliipasha kwenye jiko la makaa ndipo nikaingiza beringi. Ukitema mate yakaruka, iko tayari. Yakilala na kuchemka, ngoja. Kichwa cha silinda nilikisugua juu ya kioo cha dirisha, msasa na mafuta ya taa, kikapungua unene wa kucha ili mgandamizo uongezeke. Valvu nilizisaga, nikakigeuza kichwa, nikamimina mafuta ya taa kwenye tundu, nikaenda kula. Niliporudi hakuna tone lililokuwa limepita. Nilijiona mkubwa sana siku hiyo. Nasema haya ili mjue kwamba sikuwa fundi mbaya. Au labda nasema ili nijisikie vizuri, sijui.

Sasa mafuta.

Mzee Ndunda alikuwa ameniambia zamani, "Injini ya mashindano inapewa mafuta ya mbarika. Oili ya dukani ikipata moto sana inakuwa maji. Mbarika inashikilia chuma mpaka mwisho." Na aliongeza jambo ambalo nililisikia kwa sikio moja: "Lakini mbarika na oili ya dukani hazipatani. Zikikutana zinaganda. Ukibadilisha, osha kila mahali kwa petroli. Injini, mabomba, tangi. Hasa tangi."

Hizi pikipiki za zamani haziweki oili chini ya injini kama zenu. Oili inakaa kwenye tangi lake chini ya kiti, inashuka kwa bomba. Na pale chini ya tangi kuna kichujio cha waya, kidogo kama kidole gumba.

Mafuta ya mbarika sikuhitaji kuyatafuta mbali. Syombua alikaa kwenye mteremko chini ya soko la Mukuyuni, mjane wa makamo, na mafuta yake yalijulikana hadi ng'ambo ya vilima. Mama akijifungua, mtu alitumwa kwa Syombua. Mtoto alipakwa mafuta yake kabla ya kupakwa kitu kingine chochote. Wazee waliyanunua kwa kulainisha ngozi. Alizikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha kwa maji kwenye chungu, mafuta yakapanda juu akayaengua taratibu kwa kibuyu.

Na kwa wenyeji wa mteremko ule kulikuwa na mwiko. Chungu cha mafuta kikiwa motoni, anayepika hasalimiwi wala hajibu. Ukipita unapita kama humuoni. Akifungua kinywa, mafuta yanaharibika, na atakayepakwa atapata shida. Sijui mambo haya yalianzia wapi. Labda ni njia tu ya wanawake kupata saa moja ya utulivu. Lakini tuliyafuata, hata sisi tuliokwenda kanisani.

Salim hakuyajua. Na mimi sikumwambia. Nilidhani anajua kwa sababu mimi nilikuwa najua. Tulishuka pamoja asubuhi, chungu kiko motoni, mimi nikasimama kando kama inavyotakiwa. Salim akaenda moja kwa moja.

"Shikamoo, mama."

Syombua hakuinua macho. Pembeni jirani yake alikuwa akitwanga mahindi kwenye kinu. Salim akafikiri hakusikika. Akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama. Tumekuja na fundi. Pole na moshi."

Syombua aliniangalia. Mimi nikaangalia chini. Nadhani alipima mambo mawili, mwiko na ile adabu ya kijana, na kijana alikuwa bado ameinama. Akasema polepole, kwa Kiswahili chake kidogo, "Marahaba, mwanangu."

Mchi wa yule jirani ulisimama hewani. Ulikaa juu muda, kisha ukashuka.

Mafuta tuliyachukua siku iliyofuata. Niliyapasha upya gereji mpaka yakaacha kuruka, maana maji yakibaki hayafai. Niliyachuja kwa kitambaa mara mbili. Yalikuwa mafuta safi. Naandika tena ili pasiwe na shaka: yalikuwa mafuta safi.

Injini niliiosha. Tangi sikuliosha. Wiki nzima nilikuwa nimeizoesha injini kwa oili ya dukani, kwenda na kurudi kwenye barabara ya kuelekea mji wa Wote, na sasa nilimwaga ile oili, nikaligeuza tangi juani mpaka likaacha kutonesha. Kichujio kilikuwa kimefungwa kwa nati kubwa, na spana yake nilikuwa nimewaazima watu wa lori sokoni. Petroli nayo ilikuwa ya shida mwezi ule, kidogo niliyokuwa nayo niliiweka kwa ajili ya Kambu. Nikajiambia, kilichobaki ni kijiko kimoja. Hizo ni sababu mbili, na mkizipima vizuri hakuna hata moja iliyo sababu. Sokoni ni mwendo wa dakika tano.

Kambu kulikuwa na watu wengi, magari yamesimama kando ya barabara kuu, watoto juu ya miti. Injini iliponguruma, ile harufu ya mbarika iliyoungua ikatandaa, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akauliza, "Nani anapika mafuta ya mtoto hapa?" Watu walicheka. Wale vijana wa Kijapani nao walicheka, mpaka Salim alipowapita mmoja baada ya mwingine kwenye mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili alikuwa wa kwanza. Alipita mbele yetu amelala juu ya tangi, na nilirukaruka kama mtoto. Ndipo nikasikia, chini ya ule mngurumo, kitu kama mtu anayegonga sufuria ndani ya nyumba iliyofungwa.

Nilipiga kelele, lakini nani angesikia? Injini ikashika. Gurudumu la nyuma likakwama, pikipiki ikaenda upande, Salim akaingia kwenye mkonge. Dereva wa mashindano hukaa na vidole viwili kwenye klachi, akisikia injini inashika anavuta. Mzee Ndunda alinifundisha hilo. Mimi sikumfundisha Salim.

Nyonga ilivunjika, na mguu pia. Ulipona mfupi. Hakupanda pikipiki tena, wala lori.

Babake alikuja kuniona. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alisema, "Pole, fundi. Umefanya kazi nyingi sana, na Mungu amepanga yake." Afadhali angenitukana.

Injini niliifungua Jumapili, watu wakiwa kanisani. Ile konrodi yangu ya kujiangalia meno ilikuwa imeungua rangi ya bluu pale inaposhika kranki. Pistoni haikuwa na kosa. Nikafuata bomba la mafuta hadi kwenye tangi, nikafungua ile nati, kwa sababu sasa spana nilikuwa nimeifuata. Kichujio kilikuwa kimezibwa na donge la kahawia, zito kama ugali wa jana. Nililikanda kwa vidole. Nilijua lile donge ni nini kama ninavyojua jina langu.

Kisha nikaosha kichujio. Nikaosha tangi, mara tatu, mpaka likang'aa. Petroli ya kuoshea siku hiyo ilipatikana.

Nilipomaliza, soko lilikuwa tayari na maelezo yake. Yule mwanamke wa mchi alikuwa amesema aliyoyaona: Syombua alijibu salamu chungu kikiwa motoni. Watu walipokuja gereji kuniuliza, mzee mmoja akasema, "Musyoka, wewe ndiye uliyefungua. Ni mafuta?"

Nikasema, "Sijui. Labda."

Neno lenyewe ni hilo, labda. Sikumtaja Syombua, hiyo ni kweli. Lakini haingekuwa haki nijifiche nyuma ya hapo. Nilijua neno hilo litakwenda wapi.

Salim aliniuliza pia, akiwa kitandani hospitali. "Fundi, ulikuta nini?"

"Konrodi imeshika."

"Imeshika kwa nini?"

"Chuma kizee."

Akacheka kidogo, akakunja uso kwa maumivu. "Wanasema ni salamu yangu. Mafuta yana masikio, fundi?"

"Watu husema."

"Na wewe unasemaje?"

Nilimenya chungwa, nikampa.

Na Mzee Ndunda, nilipokwenda Kwa Vonza, aliuliza swali moja tu. "Uliosha tangi?" Nikasema niliosha, na kwa siku ile lilikuwa limeoshwa kweli. Alinyamaza. Alifariki miaka michache baadaye, na sidhani aliniamini.

Wanawake waliacha kununua kwa Syombua. Si kwa ubaya, hawakumtukana, walianza tu kutuma Kitui kwa mafuta ya chupa. Baada ya muda alikata mibarika yake yote, akalima mbaazi. Mimi niliendelea na kazi. Nilitengeneza pikipiki za mapadre, pampu za maji, posho mili za kusagia mahindi. Niliosha kila tangi lililopita mikononi mwangu, hata lisilohitaji. Vijana niliowafundisha walinicheka, wakaniita Mzee Petroli. Hawakujua walikuwa wanacheka nini.

Miaka mingi ilipita hivyo. Macho yalipoharibika nilifunga gereji. Mwaka huohuo binti yetu alijifungua, na mke wangu alitoka kuwaalika majirani waje kumwona mtoto. Alirudi, akavua kanga yake.

"Syombua amekataa kuja," akasema. "Hashiki mtoto wa mtu. Anasema mikono yake ilimvunja kijana wa watu."

Vijana, mpaka siku hiyo nilikuwa najiambia kwamba nimemkosesha wateja. Niliona ni kosa, lakini kosa la ukubwa fulani. Sikuwahi kufikiri kwamba yeye mwenyewe aliamini.

Nilipanda basi hadi Kitui kwanza. Salim alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la babake, mvi kichwani, fimbo imeegemezwa kwenye gunia la sukari. Nilimwambia yote: donge, spana, tangi. Alisikiliza huku akimpimia mteja mchele, hakukosea hata punje. Mteja alipotoka akasema, "Mguu ni wangu, Musyoka. Huo nimekusamehe, nilishauzoea. Lakini yule mama si wangu kumsamehea."

Baada ya yote haya nilikwenda pia kwa yule mwanamke wa mchi, ambaye sasa ni bibi kizee, nikamweleza mbele ya wenzake kisimani. Aliniangalia kwa huruma. "Asi! Syombua amekulisha nini?" Kwa haki, yeye hakusema uongo wakati wowote. Alisema alichoona. Wengine wawili walinisikiliza vizuri, na mmoja akasema atakwenda kumsalimu. Sijui kama alikwenda.

Lakini kabla ya hapo nilishuka kwa Syombua mwenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta mbaazi, amekonda, vidole vimekunjamana. Nilimwita mwaitu, yaani mama, kama tunavyowaita wote wa umri wake. Nikakaa chini kwenye udongo, nikasema. Nilisema kwa Kikamba, na nilianza mara tatu kabla ya kufika mwisho.

Aliendelea kupepeta. Kisha akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo mafuta hayakuwa na kitu."

"Hayakuwa na kitu, mwaitu."

"Na ile salamu?"

"Haikufanya lolote. Ni tangi langu."

Alikaa akiangalia njia, ile tuliyoshukia na Salim.

"Yule kijana alivua kofia," akasema. "Alinipa pole ya moshi. Nimepika mafuta tangu nikiwa msichana, na hakuna mtu aliyewahi kunipa pole ya moshi. Nami miaka yote hii nikajuta kumjibu."

Akanigeukia.

"Umemwambia nani?"

"Salim. Na wewe."

"Waambie na wengine."

"Nitawaambia." Ndiyo maana mnasoma haya. Osheni tangi, na mkifungua injini, semeni mlichokuta siku ileile mliyokikuta. Sina ushauri mwingine, na huo nao nimeulipia kwa mali ya mtu mwingine.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeanza kuinuka, nimeshika goti, aliposema tena, bila kuniangalia.

"Nilipokata mibarika, ulikuwa unapita. Ulinionea huruma, ukaweka sanduku lako la spana chini. Ulinibebea mashina mpaka pale uani, safari nne. Nikakushukuru. Nikakupa maji."

Nilikuwa nimesahau. Naandika kwamba nilikuwa nimesahau, lakini katika yote niliyoandika hapa, hilo ndilo sina hakika nalo hata kidogo.

Alijiinua kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akafunga mlango.